Kujaza Mafuta kwa Vidole Visivyohisi

Kama umeambiwa kwamba dawa ya saratani utakayowekewa itakugusa vidole, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi nimeshatoka huko. Vipimo vyangu viwili vya mwisho vimekuwa safi, nywele zimerudi na ukaidi wake wa zamani, na chakula kimeanza tena kuwa na ladha ya chakula. Nilipoanza matibabu watu waliniambia mengi kuhusu tangawizi, maombi na usingizi. Hakuna aliyeniambia lolote kuhusu kituo cha mafuta, na kilichokaribia kuniua ni kituo cha mafuta, si meza ya upasuaji.

Naitwa mama Nadège. Nilizaliwa Likasi, nikakulia Lubumbashi, na huu ni mwaka wa kumi na nane tangu nifike Brussels. Tunaishi Evere, ghorofa ya tatu: mimi, mume wangu, ambaye nitamwita papa Nadège kama ninavyomwita nyumbani, na binti yetu Nadège, anayesoma chuo. Papa Nadège anapakia mizigo uwanja wa ndege, kwa zamu. Kazi yangu ni kuzunguka kwa wazee majumbani mwao. Namwogesha mmoja, namvalisha, nampikia supu, nakimbilia kwa mwingine mtaa wa mbali. Nina gari dogo la petroli nililolinunua mwenyewe. Bila gari hilo sina kazi, na mimi bila kazi ni mtu mbaya kuishi naye, waulize hao wawili.

Kwetu Lubumbashi mwenye gari hashuki kujaza mafuta. Unaingia kituoni, pompiste, yaani mjazaji, anakuja dirishani, unamwambia kiasi, unaendelea na maongezi yako. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kituoni hapa nilizima gari nikakaa. Nikasubiri. Nikapiga honi, kwa heshima. Nyuma yangu walishajipanga watu watatu, na mmoja alikuja kugonga kioo akaniuliza kama naumwa. Papa Nadège alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifundisha kwa dakika mbili: kadi hapa, pampu pale, bonyeza. Tangu hapo yeye ndiye aliyejaza tangi kila Jumamosi, na mimi nikajaza mara chache, kwa haraka, simu ikiwa imebanwa begani. Vibandiko vilivyo kwenye pampu sikuwahi kuvisoma hata kimoja.

Ugonjwa ulikuja mwisho wa kiangazi. Damu chooni, nikaificha wiki tano, tena mimi ambaye kutwa nachunguza choo cha wazee wa watu. Saratani ya utumbo mpana. Walinipasua majani yakianza kudondoka, wakatoa kipande, kisha wakaniambia kuna mara kumi na mbili za kemo, dawa ya saratani ya kuwekewa kwa dripu, moja kila baada ya wiki mbili, kwenye hospitali kubwa ya Jette. Nikahesabu kwa vidole nikaona zitaisha wakati miti inachipua. Sikuhesabu zaidi ya hapo.

Chumba cha kusubiri cha Jette nilikijua kiti kwa kiti. Unachukua namba, unakaa, unajifunza kutotazama saa. Mara nyingi tulikutana na mzee mmoja wa Kiflemi na mkewe, na mke alikuwa na mfuko wa machenza, akimmenyea mumewe moja baada ya jingine. Mara ya kwanza na ya pili alinipa chenza zima, nikamenya mwenyewe. Mara ya sita nililigeuza mkononi, ukucha ukakataa kuingia kwenye ganda. Yule mama aliona. Hatukuwa na lugha ya pamoja, mimi Kifaransa, yeye Kiflemi, lakini alilichukua, akalimenya, akaniwekea vipande kiganjani kimoja kimoja. Niligeuza uso dirishani kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Dawa ile ilianza na baridi. Siku nne tano baada ya dripu, kila kitu cha baridi kilinipiga shoti. Nikishika chupa ya maziwa kwenye friji, umeme unapanda hadi kiwiko. Maji ya bomba yakipita kooni, koo linajifunga. Msusi wangu wa Galerie d'Ixelles aliweka mkono kichwani kwangu, ukatoka na nywele, kisha akanifunga kitambaa kizuri na kusema rasta tutasuka mwakani. Baada ya mara ya sita baridi ikawa jambo dogo. Vidole vyenyewe viliondoka. Vilikuwepo, nilikuwa naviona, lakini nikifunga vifungo vya blauzi nilikuwa kama nafunga vya mtu mwingine, na nimevaa glovu. Kila nesi aliponiuliza habari ya vidole nilijibu, "Kidogo tu." Niliogopa wangesimamisha dawa. Usifanye hivyo. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, hilo lishike.

Nyumbani nilitunzwa mpaka nikachoka. Kwetu mgonjwa hafanyi kitu, na mgonjwa akionekana anafanya kitu, aibu inakwenda kwa wa nyumbani mwake. Kina mama wa parokia walileta pondu, majani ya muhogo, walileta fufu, waliniondolea hata kijiko nilichotaka kuosha. Papa Nadège alikuwa anatoka zamu anaingia jikoni. Nilimwambia kwamba gari langu ninaweza kulishughulikia mwenyewe, daktari hajanikataza kuendesha siku ninazojisikia vizuri.

"Mama Nadège, weye unapashwa kukaa," alisema. "Bantu bakikuona na pompe mu mukono, batasema nini? Batasema, bwana yake iko wapi? Miye niko naishi bado, quand même."

"Bantu banajaza tangi yangu?"

"Jumamosi nitajaza. Bon. Tumeisha."

Mwezi wa pili, wiki moja baada ya mara ya nane, taa ya mafuta iliwaka. Kesho yake asubuhi nilitakiwa Jette kupimwa damu. Papa Nadège alikuwa zamu, Nadège alikuwa chuo. Ningeweza kumsubiri mmojawapo. Ukweli ni kwamba nilitaka kufanya kitu kimoja tu duniani bila kuomba. Nikavaa koti langu kubwa, nikavaa glovu za sufu, nikashuka ngazi nikiwa nimejawa na hasira ambayo hata sijui ilikuwa ya nani.

Kituo kilicho karibu nasi hakina mtu, ni mashine na kadi. Mvua ya Brussels ilikuwa inanyesha, ile isiyo na haraka, inayopigwa na upepo hata chini ya paa. Namba ya siri nilikosea mara mbili kwa sababu kidole kilikuwa kinagusa vitufe viwili. Niliingiza mdomo wa pampu kwenye tangi, nikaukaza kwa kile kishikizo chake ili utiririke wenyewe, nikarudi kukaa ndani ya gari kwa sababu mikono ilikuwa inaniuma. Niliona namba zimeenda mbali, nikatoka haraka, nikashika mpini, nikavuta. Kidole kilikuwa bado kimebana kibonyezo cha chini ya mpini, kile kinachotoa mafuta. Sikujua kama kimebana. Mafuta yalimwagika mkononi, kwenye glovu, kwenye mkono wa koti mpaka karibu na kiwiko. Niliona majimaji chini, nikadhani ni mvua. Pua yangu nayo dawa ilikuwa imeshaifunga, kila kitu kilinukia chuma. Nikarudisha pampu mahali pake, nikafunga tangi, nikaendesha kurudi nyumbani nikiimba.

Nilipofika juu sikuvua koti kwa sababu nyumba ilikuwa ya baridi. Glovu niliziweka kwenye kiti. Nikajaza maji kwenye sufuria, nikaliendea jiko letu la gesi, la zamani, linalowashwa kwa kiberiti. Njiti ya kwanza ilidondoka. Ya pili ilidondoka. Ya tatu niliishika, nikaisugua upande usiokuwa na baruti. Nilikuwa nimeinama natafuta ya nne sakafuni, nikitukana kwa Kiswahili na Kifaransa, mlango ukafunguliwa.

"Maman? Ni nini inanuka vile?" Nadège alikuwa ametoka chuo, begi bado liko mgongoni. Kisha akaniona. "Maman, weka ile allumette chini. Weka chini! Usiguse kintu!"

"Kunanuka nini? Ni mvula tu."

"Ni essence, maman! Uko unanuka essence, mukono muzima! Tuende, tuende!"

Alinivua lile koti la petroli kwa nguvu, kama anavyovuliwa mtoto mwenye matope, akalitupa kwenye baraza pamoja na zile glovu, akafungua madirisha yote, akaniingiza bafuni na kunimwagia maji ya uvuguvugu mkononi kwa muda mrefu, sabuni na maji, sabuni na maji. Nilimtazama kwenye kioo, kidevu chake kilikuwa kinatetemeka. Hapo ndipo nilipokaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Njiti moja tu ingeshika vizuri, mtoto wangu angefungua mlango akakuta kitu kingine.

Papa Nadège alirudi saa kumi jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kwenye ndoano ya mlangoni, akachukua ufunguo wa gari langu akautia mfukoni.

"Ile funguo ni ya miye," nilisema.

"Njo ya weye. Lakini iko mu poche yangu."

"Sasa miye ni mutoto?"

"Uko mugonjwa!" Alipaza sauti, na yeye si mtu wa kupaza sauti. "Uko mugonjwa, mama Nadège! Nitazika muntu juu ya essence? Cancer imekuacha, alors essence njo ikuue?"

Siku tisa tuliongea kuhusu chumvi na sabuni tu. Viberiti vilihamia juu ya kabati nisikofika. Nilimchukia, naandika hivi yeye akijua, na wakati huohuo nilimwona akinusa mikono yangu kila akinipita, akijifanya anatafuta kitu. Alikuwa na hofu kuliko mimi. Lakini nilikuwa nimeshaona mbele: kwanza ufunguo, kisha kazi, kisha wananiwekea kiti dirishani, na mimi nimewavalisha soksi watu wengi mno walioanza kwa kuwekewa kiti dirishani.

Mara ya tisa, Jette, nilikaa kwenye kiti cha dripu na kusema kweli yote. Nesi alikuwa Ilse, yule aliyekuwa akiniwekea glovu zangu juu ya kipasha joto ili nikitoka nizivae zikiwa moto. Aliniambia nifumbe macho, akawa anagusa kidole kimoja kimoja, nami nitaje ni kipi. Nilipofumbua alikuwa ameshamaliza mikono yote miwili, mimi nilikuwa bado nasubiri aanze. Alikwenda kumwita daktari. Dawa ile waliiondoa kwenye mara zangu nne zilizobaki, wakaniachia nyingine, na daktari akasema wazi kwamba ningepaswa kuwaambia tangu mwezi wa kwanza, wangepunguza mapema. Nilistahili.

Wakapima na nyayo. Nyayo zilikuwa na ganzi kidogo kwenye ncha za vidole tu, makanyagio ya gari nayahisi. Daktari aliniruhusu kuendesha. Ilse akaniuliza, kwa Kifaransa chake cha taratibu, ninataka nini hasa, ili tujue tunapambania nini.

"Nataka kujaza mafuta," nilimwambia.

Alicheka. Aliponiona sicheki akavuta kiti. Akaniambia vidole vinaweza kurudi, vinaweza kuchukua mwaka, vingine havirudi, kwa hiyo kila kitu nilichokuwa nakijua kwa kugusa sasa nikijue kwa kutazama. Nisiachie kitu mpaka nimeona kwa macho kwamba nimekiachia. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili na nilianza kujifunza kushika kikombe.

Nilifanya mazoezi wiki nzima kwa chupa ya kunyunyizia maua, yenye kibonyezo kama cha pampu. Nabana, natazama, naachia, natazama. Kisha Jumapili moja ya mwezi wa tatu, baada ya misa, Nadège alimwomba baba yake ufunguo, akasema anaendesha yeye. Hatukwenda kituo cha mashine. Tulikwenda chenye duka na mtu ndani, kwa sababu ukipatwa na jambo unataka mtu wa kumwita, na kuna kitufe chekundu cha kuzima pampu zote ambacho miaka yote nilikipita bila kukiona. Nadège alinisomea vibandiko kwa sauti kama katekista. Zima injini. Usivute sigara. Simu iache. Usirudi ndani ya gari mafuta yakiwa yanaingia.

"Juu ya nini?" nilimuuliza hapo, nijue sababu.

"Ukiinuka pa kiti, ile manteau yako inabeba umeme, maman. Ukigusa pompe na ule umeme, étincelle moja, na mvuke ya essence iko pale."

Basi nikajua kwamba siku ile, kwa lile koti na cheche yake, nilijaribu kujichoma mara mbili, si mara moja.

Tangu hapo ninafanya hivi. Glovu za sufu zinabaki nyumbani, ile sufu ilikunywa petroli yote. Siku za karibu na dripu sikujaza; najaza mchana, hali ya hewa ikiwa nafuu. Nikishuka nagusa bati la mlango kwa kiganja kitupu, kisha ndipo navaa zile glovu nyembamba za plastiki zinazowekwa kando ya pampu. Nasoma jina la mafuta kwenye pampu, nasoma na ndani ya kifuniko cha tangi. Naingiza mdomo wa pampu mpaka mwisho na nainama kuona kwamba umefika mwisho. Kishikizo siukazi. Nasimama pale pale, nimeshika kwa mikono miwili, na macho yangu yako kwenye vidole, hayako kwenye namba. Pampu ikijikata nimemaliza, siongezi matone ili namba ipendeze, ule ni ugonjwa wetu sote. Nasema kwa sauti "nimeachia", natazama kama kweli nimeachia, nahesabu mpaka kumi ili yaliyobaki yadondoke ndani, ndipo nautoa mdomo ukiwa umeelekea juu. Kifuniko nakizungusha kwa kiganja. Natazama mikono ya nguo. Nyumbani nanawa kabla sijaingia jikoni, na pua ya Nadège ndiyo inayotoa kibali.

Mara ya kwanza ilinichukua dakika kumi na mbili. Mtu wa nyuma yangu alipiga honi na Nadège alimgeukia kwa macho ambayo sikujua kwamba nimemrithisha.

Ufunguo ulirudi mfukoni kwa baba yake. Sikupigana. Kila Jumapili tulikwenda, hata kama ni kuongeza kidogo tu, na kila Jumapili aliporudi Nadège alimwambia baba yake, "Amefanya vizuri." Baba alikuwa anasema "Bon," anaendelea na gazeti.

Mara ya kumi na mbili ilikuwa katikati ya mwezi wa nne. Ilse alinikumbatia kwa mikono yenye joto. Yule mama wa machenza sikumwona, na sikuthubutu kuuliza. Mwezi wa sita daktari aliniandikia kurudi kazini nusu siku, wazee watatu. Asubuhi ya siku hiyo nilivaa sare, nikakuta papa Nadège ameshavaa viatu, ameomba ruhusa ya kuchelewa zamu. Alisema atanipeleka mpaka kwa mzee wa kwanza. Tukashuka. Taa ya mafuta ilikuwa inawaka, kwa sababu Jumamosi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kunijazia, hakujaza, na Jumapili sisi hatukwenda kwa ajili ya mitihani ya Nadège.

Aliendesha mpaka kituoni, chenye duka na mtu. Akazima injini. Tukashuka wote wawili. Aliweka mkono kwenye pampu kwa mazoea, kisha akautoa akauingiza mfukoni. Nikagusa bati. Nikavaa glovu. Nikaingiza, nikainama, nikatazama.

Kwenye pampu ya pili alikuwa maman Charlotte, mama mmoja wa parokia yetu, kati ya wale walioniondolea kijiko mkononi. Alituona. Alimwona mume mzima amesimama na mikono mfukoni, na mkewe mwenye kitambaa cha ugonjwa kichwani ameshika pampu.

"Papa Nadège!" aliita, na watu wakageuka. "Ni nini ile? Unaachia mugonjwa pompe? Mukono yako iko na nini?"

Kwa pembeni niliona shingo ya papa Nadège ikikakamaa. Kama angenipokonya pampu wakati ule ningemwachia, mbele za watu nisingebishana naye, na nisingeigusa tena maisha yangu yote. Macho yangu yalibaki kwenye vidole. Nilisikia anavuta pumzi.

"Maman, ye haiko mugonjwa," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka dukani. "Iko anaenda kazi. Umuache, usimuongeleshe, iko anaangalia vidole."

Pampu ikajikata. Nikasema nimeachia, nikatazama, nikahesabu. Papa Nadège naye alikuwa anahesabu, chinichini, kwa Kifaransa, na sikujua ni lini alijifunza kwamba ni kumi. Nikafunga kifuniko kwa kiganja. Alinipa ufunguo kiganjani, akasubiri mpaka nimeutazama na vidole vyangu vimeufunga. Kisha akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akakaa, akafunga mkanda.